Daftari la Kurasa Thelathini na Mbili

Nililinunua langoni, shilingi kumi na tano,
jalada la bluu, jedwali la kuzidisha mgongoni,
kwa maana pale zahanati ya Chavakali
mgonjwa huja na karatasi yake.
Kadi ziliisha, alisema bawabu, tangu mvua za masika.

Ukurasa wa kwanza: magoti.
Ukurasa wa pili: presha.
Wa tatu, muuguzi alitaja kilo mia moja na nne
kwa sauti, benchi la mwisho likasikia,
akaandika, akapigia mstari: APUNGUZE CHAKULA.
Nikatoka, nikanunua mandazi manne.
Niliyala nikiwa nimeipa barabara mgongo.

Sokoni huniambia: umenawiri, Kageha,
kwako ni raha tupu.
Nacheka, mguu ukisukuma cherehani,
sare za shule zikirundikana kijani kwa kijani.
Nani amewahi kumsikia mtu mnene akilia?
Chozi lake hudhaniwa jasho.

Usiku ndio wenyewe.
Saa nane na nusu nainuka, nakwangua ukoko sufuriani,
gizani, nimesimama,
ili isihesabike kwamba nimekula.
Si njaa. Njaa naijua, tulilelewa chumba kimoja.
Hii ni kama mtu anayebisha mlango,
ukifungua, hakuna mtu,
basi unampa huyo hakuna-mtu tonge la ugali
anyamaze.

Mwezi wa sita nilimkuta daktari mwingine, Jelagat,
msichana wa viatu vya raba, na mafua yake mwenyewe.
Alifungua daftari akasoma kurasa zote
(hakuna aliyewahi kurudi nyuma),
akaufunga mlango.
Mama, unakula saa ngapi?
Nikamwambia.
Na nani?

Nikatazama jedwali la kuzidisha.
Moja mara moja, moja.

Maswali yalikuwa tisa, na majibu ya kuchagua
kama mtihani wa darasa la nane:
hata kidogo; siku kadhaa; zaidi ya nusu ya siku; karibu kila siku.
La tisa alilisoma polepole, kalamu ameilaza mezani.
Nilimjibu kweli. Si lazima niliandike hapa.

Kisha akachukua utepe, akanizungushia kiunoni.
Miaka ishirini na miwili nimepima viuno vya watu,
nikiwaambia, pumua, usijibane, kitambaa kipo.
Sasa mikono ya mtu ilikuwa imenizunguka
nami nikaogopa nitaegemea.
Pumua, akasema. Usijibane.

Aliyaandika yote mawili ukurasa mmoja,
uzito na sonona,
kama ndugu wanaogombea blanketi moja:
ukimfunika huyu, yule analala nje.
Kidonge kimoja. Si kile cha kwanza alichokishika;
hicho kingeniamshia njaa, akakirudisha kabatini.
Chakula cha jioni kwa sahani, kwa kiti, taa ikiwaka.
Kila alfajiri niteremke chemchemini na Mmbone wa jirani,
si kuchoma mafuta, akasema,
ni ili kuwe na mtu wa kukuuliza mbona jana hukuja.
Chini kabisa, pale nilipotarajia APUNGUZE,
akaandika: ARUDI.

Sasa niko ukurasa wa kumi na tisa.
Mizani ilishuka hadi tisini na tisa, ikapanda mia na moja;
haina haraka, nami sina la kuidai.
Swali la tisa limekuwa hata kidogo.
La nne bado linanisumbua.
Kuna usiku mlango unabishwa.
Juzi niliwasha taa, nikavuta kiti,
nikasema: keti basi, lakini chakula kimeisha.

Jumamosi nimejikatia gauni,
mita tatu na nusu, maua makubwa ya manjano.
Ndani ya mshono nimeacha kitambaa cha ziada,
pa kubana, pa kuachia,
kwani sijui bado.